Mashine Isiyojua Kujipunguza

Mliponiaga mwezi uliopita, mafundi wenzangu, nilipostaafu, mlinipa keki, doti mbili za kanga na saa ya ukutani, nami nikawashukuru. Kisha mmoja wenu akasema, "Bi. Zuhura, tuandikie basi mambo ya kazini, tusije tukaanza upya kila kitu." Nikacheka. Kuanza upya kila kitu ndiyo desturi ya fani yetu, sijaona aliyeiacha. Lakini nimekaa nimeandika. Msitafute humu vyeo wala mishahara. Vyeo vilikuwa vichache na mishahara mnaijua wenyewe. Nitasema habari za kompresa na za watu niliofanya nao kazi, na nawaambia mapema kwamba hazikwisha vizuri. Asiyetaka huzuni aishie hapa.

Nilianzia kiwanda cha barafu, kile kilichokuwa ufukweni upande wa bandari. Nilikuwa nimetoka skuli ya ufundi, msichana peke yangu katika darasa la majokofu. Ofisini hawakujua wanifanyeje, wakanikalisha mbele ya taipu. Nikawaambia sikusomea taipu. Karani mkuu akavua miwani, akanitazama, akasema, "Haya, nenda huko kwenye kelele. Utarudi mwenyewe." Kelele zilikuwepo kweli, na zimenifuata mpaka leo, sikio langu la kushoto linavuma kutwa kucha. Lakini kwenye taipu sikurudi.

Mkubwa wa chumba cha mashine alikuwa Fundi Shaame, Mtumbatu, mtu mzima mfupi, kofia yake ya viua imeingia mafuta hata rangi ya mwanzo haijulikani tena.

"Shikamoo Fundi," nikamwamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeikataa taipu?"

"Naam."

"Haya. Shika hapa."

Akanishikisha bomba moja. Lilikuwa baridi, limeganda weupe juu yake. Akaniambia nishike na la pili. Nikalishika, nikauondoa mkono haraka kuliko nilivyoupeleka, yeye akacheka kimoyomoyo.

"Ndo kazi yetu yote hiyo, mwanangu. Joto tunalitoa huku tunalipeleka kule. Mengine ni kelele."

Kwa nyinyi ambao hamkukiwahi kiwanda kile, kilikuwa hivi. Palikuwa na tangi kubwa la maji ya chumvi, na ndani yake mabomba ya amonia. Maji matamu yalitiwa katika ndoo ndefu za bati, ndoo zikazamishwa kwenye yale maji ya chumvi yaliyo baridi kuliko barafu yenyewe, na baada ya muda wake unainua kwa winchi bonge la barafu la kubebwa na watu wawili. Wavuvi walikuja kuchukua, wachuuzi wa samaki walikuja, wauza juisi ya miwa wa Forodhani, na kila aliyekuwa na harusi mjini. Na nyuma ya yote hayo kompresa inavuta gesi ya amonia kutoka mabombani, inaibana, inaisukuma ikapoe, irudi tena.

Sasa lisikilizeni hili, maana kila kilichofuata kimetokana nalo. Kazi ya kompresa haiwi sawa mwaka mzima. Kaskazi kuna joto, vyombo viko baharini, kila mtu anataka barafu, na mashine inafanya kazi kwa nguvu zake zote. Masika mvua inapiga, vyombo vimelala, nusu ya ndoo ni tupu. Mashine ikiendelea kuvuta kwa nguvu zilezile na gesi ya kuvuta ni haba, presha ya upande wa kuvuta inaanguka, swichi ya usalama inaizima. Baada ya kitambo kidogo presha inapanda, inawaka yenyewe. Inazima. Inawaka. Na kila kuwaka ni pigo. Nyaya za mota zinapata moto, mafuta yanafanya povu, na ile amonia iliyolala majimaji mabombani inaweza kuvutwa ikaingia kwenye silinda. Pistoni inabana gesi. Majimaji hayabaniki. Basi hapo lazima kitu kivunjike.

Kwa hivyo kompresa nzuri ni ile inayojua kujipunguza. Mashine yetu ya mwanzo, kuukuu, ya silinda sita, ilikuwa na vipini vidogo vinavyotii presha ya mafuta. Kazi ikipungua, vipini vinaziinua valvu za kuvuta za silinda mbili, zinabaki wazi, na pistoni zake zinapanda na kushuka bure. Ikipungua zaidi, silinda mbili nyingine nazo zinapumzika. Mashine haizimi. Inabadili sauti tu. Hata wakati wa kuwashwa huanza na valvu zimeinuliwa, haianzi na mzigo mzito kifuani.

Fundi Shaame hakutufundisha haya kwa michoro. Nasema "hakutufundisha", si "hakunifundisha", kwa sababu tulikuwa wawili. Wiki moja baada yangu aliajiriwa Vuai, kijana wa Makunduchi aliyekuwa fundi baiskeli, mrefu, mcheshi, na mwenye mikono iliyokielewa chuma kabla ya kichwa chake. Fundi alituweka mlangoni tumeipa mashine mgongo, kisha anauliza, "Silinda ngapi zinafanya kazi?" Mimi nabahatisha. Vuai hakukosea hata siku moja, na hakuacha kunikumbusha.

"Tazameni mchukuzi wa bandarini," Fundi alikuwa akisema. "Mwenye akili akipewa gunia moja, hatembei kwa nguvu za magunia matatu. Anayefanya hivyo humwoni kazini mwakani."

Alipostaafu aliniachia bisibisi yake ndefu. Hakuwa akifungulia nayo skrubu. Ncha unaigusisha kwenye mwili wa kompresa, mpini unauweka sikioni, na unaisikia kila valvu inavyofunga. Spana alimwachia Vuai. Kisha akarudi Tumbatu, na haukupita mwaka tukaenda kumzika.

Mashine kuukuu haikuishi sana baada yake. Ilikwisha kwa kweli, si kwa uzembe. Vipuri vyake vilikuwa havitengenezwi tena popote. Tukaletewa nyingine, msaada, imepakwa rangi ya kijani nzuri kabisa. Viongozi walikuja kuikatia utepe. Ilikuwa kubwa takriban mara mbili ya kazi tuliyokuwa nayo, na hilo lilisifiwa kwenye hotuba.

Wakati huo tulikuwa tumepata mhandisi, Injinia Yussuf, kijana wa mjini aliyesomea ng'ambo. Najua mnavyopenda hadithi za injinia wa vitabu anayekuja kuaibishwa na mafundi. Hii siyo. Yussuf aliijua kazi. Siku ya pili tu tangu utepe ukatwe alisimama mlangoni, akasikiliza ikiwaka na kuzima, akasema, "Mbona haijipunguzi?" Tukafungua kifuniko, sote watatu. Matundu ya vipini yalikuwepo, lakini vipini vyenyewe havikuwemo. Palipotakiwa kuwa na kifaa palizibwa kibati, kikakazwa kwa uangalifu. Kumbe mashine ilikuwa imetumika kwingine kabla ya kupakwa ile rangi ya kijani.

Yussuf akaomba vifaa. Akajibiwa vitakuja. Nyinyi mmeshafanya kazi miaka michache, kwa hivyo mnajua neno hilo lina urefu gani.

Tulikaa tukafikiri. Kulikuwa na njia ya kuunga bomba la kurudisha gesi ya moto upande wa kuvuta, kuidanganya mashine kwamba ina kazi. Yussuf akaikataa; amonia ikishabanwa ina joto kali, akasema, tutaunguza mafuta na valvu pamoja. Ndipo Vuai, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo akila muhogo, akasema, "Kwani baiskeli ya gia inafanyaje?"

Mota ile ilikuwa ikizungusha kompresa kwa mikanda na puli, yale magurudumu yanayobeba mikanda. Ukiweka puli ndogo kwenye mota, kompresa inazunguka polepole, inavuta kidogo. Yussuf akapiga hesabu zake, akaangalia kiwango cha chini cha mwendo, presha ya mafuta isije ikaanguka mashine ikajitafuna. Akasema inawezekana. Vuai akaenda kuchongesha kwa fundi wa kerezo, akarudi na puli imefungwa kwenye gunia kama mtoto mchanga. Tukaifunga siku ya mvua. Mashine ikawaka, na ikaendelea. Tulisimama tukingoja izime. Haikuzima. Vuai akaanza kucheza ngoma ya msewe peke yake humo ndani, na Injinia wa watu, na suruali yake ya kupigwa pasi, akamfuata.

Miaka kadhaa ilikwenda hivyo: masika puli ndogo, kaskazi puli kubwa. Kubadilisha kulitaka kuizima mashine siku nzima, kulegeza mikanda, kuipanga mota upya. Haikuwa kazi ya kujivunia mbele ya wageni, lakini barafu ilitoka na mashine ilibaki nzima. Nikiulizwa lini nilikuwa na raha kazini, nitajibu ni miaka ile.

Akaja mkurugenzi mpya. Sitamtaja, na sitaki mumdhanie mtu mwovu. Alikuwa mpole, aliuliza hali za watoto wetu kwa majina, Ramadhani alitufuturisha kwake. Lakini alikuwa ameshawaahidi watu wa mahoteli barafu kila siku ya mwaka, na siku ya kuzima mashine ilimtia aibu. Masika ya kwanza chini yake, Yussuf alinichukua nikafuatane naye ofisini, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiandika presha kila zamu.

"Injinia," mkurugenzi akasema, "mmepewa mashine mpya. Mpya! Na kila mwaka mnaizima siku nzima kuibadili gurudumu?"

"Bila ya puli ndogo, masika itakuwa inawaka na kuzima kutwa nzima. Itavunjika."

"Itavunjika lini?"

Yussuf akajibu, "Lini, sijui."

"Basi hujui," mkurugenzi akasema, si kwa ukali hata kidogo. "Mimi nikimwambia Waziri sina barafu leo, ataniuliza kwa nini, na lazima niwe na jibu. Wewe nakuuliza lini, huna. Bi. Zuhura, wewe unajua lini?"

"Sijui, Mheshimiwa. Lakini nasikia inavyopiga."

"Nasi tunaisikia sote," akasema, na akacheka nasi vizuri, kisha akatuagizia chai.

Nimeyarejea mazungumzo yale mara nyingi. Nimetafuta neno ambalo tungelisema likabadilisha kitu. Sikulipata. Hakuna fundi duniani anayeijua siku. Tunachojua ni kwamba kitu kinaelekea wapi, na hilo halihesabiwi kuwa ni kujua.

Mahoteli yenyewe haikuchukua muda yakanunua mashine zao ndogo za barafu. Kazi yetu ikapungua, na puli kubwa ikabaki palepale. Masika mbili zikapita. Kila asubuhi Vuai alikuwa akiingia, anasimama, anatikisa kichwa, anasema, "Bado," nami najibu, "Bado."

Masika ya tatu, asubuhi, mvua kubwa, tulikuwa wawili chumbani. Mashine ilikuwa imewaka na kuzima tangu alfajiri. Nikaweka ncha ya bisibisi, nikasikia mlio ambao sikuwahi kuusikia, kama kokoto ndani ya kibuyu. Nikatazama. Ule weupe wa baridi uliokuwa haupiti bomba la kuvuta ulikuwa umepanda mpaka kichwa cha silinda. Maana yake amonia ilikuwa inarudi majimaji.

"Vuai, weupe umefika kichwani."

"Nshauona. Wewe kata umeme, mie nnakwenda kufunga valvu ya kuvuta."

Swichi kubwa ilikuwa ukutani upande wa mlango. Mashine ilikuwa imezima wakati ule, kimya. Nilikuwa sijafika kwenye swichi, ikawaka yenyewe. Nikasikia mpigo mmoja, kama nyundo ndani ya sufuria, kisha wa pili, na kifuniko cha silinda kikaachia upande mmoja. Chumba chote kikawa cheupe.

Wale mliowahi kuivuta amonia kidogo mnajua. Hii haikuwa kidogo. Nilikata umeme kwa kupapasa, nikajifunga mtandio puani, nikarudi nimeinama chini. Barakoa ilikuwepo moja kabatini, chujio lake limekwisha muda tangu zamani, na la badala nalo tuliambiwa litakuja. Nilimkuta Vuai amepiga magoti, mikono usoni. Alikuwa ameshaifunga valvu. Nataka mlijue hilo. Aliifunga akiwa haoni.

Nilimburura nje. Umeme nimeukata, pampu haifanyi kazi, bomba halitoi maji. Kilichokuwepo ni mvua. Nikamlaza chali chini ya mlizamu wa paa, maji yakimwagika usoni, nikamfumbua macho kwa vidole vyangu.

"Fumbua, Vuai!"

"Siwezi, Zuhura. Siwezi."

"Fumbua! Usiyafumbe!"

Alipiga kelele, mtu ambaye sikuwahi kumsikia akilalamika hata winchi ilipomponda kidole. Watu wakaja, wakataka kumwinua, nikawafukuza. Nilimshikilia pale mpaka gari ilipopatikana. Daktari alisema baadaye kwamba tulifanya kilichotakiwa kufanywa. Mboni zilikuwa zimeshakuwa nyeupe. Akapelekwa bara, akakaa miezi, akarudi vilevile.

Kamati ikaundwa. Watu watatu, meza ndefu, chupa za maji. Mmoja akaniuliza, "Kwa nini Vuai alikuwa amesimama karibu na mashine?"

Nikajibu, "Kwa sababu yeye ni fundi wa mashine."

Akaandika. Yussuf akawaeleza habari za vipini, za puli, za siku ile ofisini, akawachorea na mchoro. Walimsikiliza kwa heshima, hawakumkatiza hata mara moja. Kisha ikatoka kwamba ajali imetokana na mfanyakazi kutochukua tahadhari. Vuai alisomewa hayo na mkewe, kitandani. Aliniuliza siku hiyo, "Tahadhari ipi, Zuhura? Ningelikimbia?" Mkewe akatoka chumbani.

Yussuf alihamishiwa ofisi isiyokuwa na mashine hata moja, na baada ya muda akaenda zake Maskati. Alikuja kuniaga kiwandani.

"Bi. Zuhura, tulisema, hatukusema?"

"Tulisema, Injinia."

"Tulisema vizuri?"

"Tulisema vizuri."

"Basi tulibakisha nini?"

Hakungoja nimjibu. Sijamwona tena.

Kiwanda kilitengenezwa, kikazima, kikatengenezwa, kikafungwa. Mimi nikaenda Matemwe, hotelini, kwenye chilla zenu mbili, zile mashine za kupoza hoteli nzima, na huko ndiko mlikonikuta. Mnazijua kuliko ninavyoweza kuzieleza. Kompresa za skrubu, zenye ule ulimi unaoteleza ndani, ukirudi nyuma mashine inabana kidogo, ukisogea mbele inabana kwa nguvu zote. Na ile mpya ina kifaa cha kubadili mwendo wa mota, inashuka taratibu mpaka robo ya nguvu zake, wala husikii. Mara ya kwanza nilipoiona ikijipunguza nilikaa chini. Kila kitu tulichokiomba kilikuwemo. Kilikuwa kinapoza vyumba ambavyo wageni wameacha milango ya baraza wazi ili wasikie bahari.

Kwenye mlango wa nyuma, wa jikoni, walikuwa wakija wanawake na pweza. Mmoja wao alikuwa Bi. Pili, mtu mzima, aliyekuwa zamani akituma kuchukua barafu kwetu mjini. Siku moja nilimkuta ameketi chini ya ukuta, ndoo yake imefunikwa majani, jua limesimama.

"Shikamoo Bi. Pili."

"Marahaba mwanangu. Hujafa na kelele zako?"

"Bado. Mbona uko juani?"

"Mpishi kasema nimngoje. Akija atasema pweza amelegea, na ni kweli amelegea, kwa sababu yeye kanambia nimngoje." Akaifunua ndoo nikaona. "Zamani nikiwa na bonge lenu la barafu nilikuwa namwambia mtu, hutaki, basi, kesho nampeleka mjini. Sasa kesho sina."

Nilikwenda kwa meneja nikaomba wanawake wale wapewe barafu, ndoo moja moja tu. Mashine ya jikoni ilikuwa ikimwaga ya ziada kila siku. Alinikatalia kwa adabu. Alisema akimpa mmoja atawapa wote. Nikamwambia ndiyo, wote ni wanane. Akatabasamu. Bi. Pili aliendelea kuja, kisha akaja binti yake badala yake, na nilipouliza nikaambiwa mama amelala, hatoki tena.

Mnataka ya kufaa kazini, nitawaachia haya. Mkiitwa kwenye mashine inayowaka na kuzima, msibadili kontakta inayoiwasha mota mkaondoka. Ulizeni kazi yake ni kiasi gani na nguvu zake ni kiasi gani. Sikilizeni kabla hamjafungua. Shikeni bomba kwa mkono hata kama kioo cha mashine kinawaambia joto lake. Msisimame mbele ya kifuniko cha silinda, na hakikisheni maji yapo kabla ya kuhakikisha umeme upo. Halafu semeni, waziwazi, kwa anayehusika. Mtaulizwa itavunjika lini. Siwezi kuwadanganya kwamba nimepata jibu lake kwa miaka yote hii. Semeni tu.

Juma lililopita nilikwenda Kikwajuni kumtazama Vuai. Sasa sina kazi, nakwenda kila nikitaka. Alikuwa amevaa kanzu safi, amekaa ukingoni mwa kitanda, akanambia kabla sijaketi, "Nasikia kiwanda wamekivunja. Nipeleke."

"Kuna nini cha kwendea, Vuai?"

"Nipeleke."

Mkewe akaniashiria nimpeleke. Tukatembea, mkono wake begani kwangu, mimi nikimwambia hapa ngazi, hapa maji. Watu walimsalimia njiani, na yeye alimjua kila mmoja kwa sauti. Tulipofika nilisimama. Pale palipokuwa na jengo palizungushiwa mabati, marefu, na nyuma yake haukubaki ukuta. Kompresa ya kijani niliiona mwenyewe ikikatwa kwa moto wa gesi, ikapakiwa vipande. Sikumwambia hilo.

"Tushafika?"

"Tushafika."

Akainua uso, akavuta pumzi. "Hata harufu haipo."

"Haipo."

Akanyoosha mkono, akagusa bati, akalipapasa. "Kuna kitu kimebandikwa hapa. Laini."

"Picha. Ya hoteli watakayoijenga."

"Nambie."

Nikamwambia. Kuna bwawa la kuogelea. Kuna viti vyeupe, miti ya kupandwa, watu wameshika gilasi. Ghorofa nne, vioo vitupu.

"Na chumba cha mashine kiko wapi?"

Nikaitazama ile picha toka mwanzo mpaka mwisho, kwa kuwa ameuliza.

"Hawakukichora."

"Kitakuwepo," akasema. "Vioo vile vyote, lazima watataka baridi." Kiganja chake kilikuwa bado juu ya bati. Kisha akauliza, "Kikubwa?"

"Sijui, Vuai. Hakimo."

Alisimama hivyo kitambo, kama mtu anayengojea kitu kiwake. Halafu akalitafuta bega langu, nikamsogezea, tukageuka.

"Twende," akasema. "Jua kali."